Mkufunzi ameshika kosiweki yangu, anataka "tuyamalize kiutu uzima"

*"Shikamoo mama. Nina miaka 22, nasoma stashahada mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mbeya, nyumbani ni Makete. Kuna mkufunzi wetu mmoja, tangu mwaka wa kwanza ananitania darasani kwamba sisi Wakinga hatuna haja ya mkopo, nyumbani tuna ndagu, yaani uchawi wa kutafuta utajiri. Darasa linacheka, na mimi nilikuwa nacheka. Muhula huu alichukua namba yangu kwenye grupu la darasa akaanza kuniandikia usiku. Nilimjibu kwa heshima, 'shikamoo mwalimu', 'asante mwalimu', hata vikatuni vya kucheka niliweka. Baadaye akaniita gesti moja Uyole eti nikachukue maswali. Sikwenda. Jaribio la kwanza nilipata 17 kati ya 20. La pili ameniwekea 6 na karatasi hajanirudishia, wenzangu wote wamerudishiwa. Nilipomfuata ofisini alifunga mlango akasema kosiweki yangu, yaani alama zangu za majaribio ya muhula, iko mikononi mwake, njoo tuyamalize kiutu uzima, nikikaza shingo nitasapu, yaani nitafeli nirudie mtihani. Hajanigusa. Rafiki yangu mmoja anasema nikubali mara moja yaishe. Mwingine anasema nikubali kwenda, nimrekodi video kwa siri, niirushe mitandaoni. CR wetu, kiongozi wa darasa, anasema sina ushahidi, nitaonekana namchafua, na mimi mwenyewe nitashtakiwa kwa sababu nilimchekea. Baba akijua atasema nirudi nikalime viazi. Je, hapa kuna kosa kweli? Na nianzie wapi nisipoteze mwaka?"*

Marahaba mwanangu. Kosa lipo, na ni la jinai. Halijaanza siku aliyofunga mlango wala halisubiri akuguse.

Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona umebeba hofu mbili ukazifunga kitita kimoja. Ya kwanza ni huyu mtu na anachokutaka. Ya pili ni maksi 6, sapu, na mwaka kupotea. Yeye ndiye aliyezifunga pamoja makusudi, ili ukiigusa moja uione nyingine inakuja juu yako. Ushauri wangu wote hapa unakwenda kwenye jambo hilo: zitenganishe. Maksi zidai kwa njia ya maksi, na mwenendo wake ushtaki kwa njia yake, kila moja kwa barua yake na kwa ofisi yake. Nitakueleza namna, lakini kwanza tuondoe mambo yanayokutisha ambayo si kweli.

Unajiuliza kama kuna kosa kweli, kwa kuwa hajakugusa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtazama mtu mwenye mamlaka anayedai ngono au upendeleo mwingine wowote kama sharti la kumpa mwenzake kazi, cheo, haki au nafasi fulani. Kinachoadhibiwa ni kudai. Ilivyotungwa, iliweka faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Maksi ulizozifanyia kazi ni haki yako, na yeye amezigeuza bei. Tena Kanuni ya Adhabu, tangu marekebisho ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ina kifungu cha 138D kuhusu bughudha ya kingono, na kifungu hicho kinataja maneno, si mikono peke yake. Kwa hiyo ile sentensi "hajanigusa", iliyokaa kwenye barua yako kana kwamba unamtetea, usiipeleke popote kama utetezi wake.

Umeambiwa utashtakiwa kwa sababu ulimchekea. Nadhani najua hofu hii ilikotoka. Mwaka 2024 lilipelekwa bungeni pendekezo la kumfanya mkosaji hata yule anayetoa rushwa ya ngono. Watetezi wa haki za wanawake walilipinga kwa nguvu, wakisema wanafunzi na watafuta kazi wangeogopa kabisa kufungua mdomo, na likaondolewa. Habari ya pendekezo ilisambaa kwenye magrupu kuliko habari ya kuondolewa kwake. Wewe hukutoa kitu wala hukuahidi. Ulimwamkia mtu mzima. Binti aliyelelewa Makete akiandikiwa na mwalimu wake saa tano usiku, hata roho ikimsita, mkono wake utaandika "shikamoo mwalimu". Vile vikatuni vya kucheka ni njia ya kukwepa bila kumkasirisha mtu aliyeshika kalamu nyekundu. Mpelelezi anayejua kazi yake ataziona meseji zako hivyo hivyo: binti anaitikia salamu, mwenzake anasogea, binti anakaa kimya, mwenzake anaita gesti.

Na umeambiwa huna ushahidi. Hapa CR wako amekosea sana. Sheria yetu ya ushahidi haidai idadi fulani ya mashahidi ili jambo lithibitike. Shahidi mmoja anayeaminika anaweza kutosha. Meseji za simu zinapokelewa mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 iliweka jambo hilo wazi. Tena unayo meseji ya kukuita Uyole, unayo 17, unayo 6, na una darasa zima lililorudishiwa karatasi isipokuwa wewe. Nimeona watu wakifika ofisini na vichache kuliko hivyo wakasikilizwa.

Sasa turudi kwenye ule utani, kwa sababu umeutaja haraka haraka kama vile si sehemu ya habari. Mimi naona ndipo ilipoanzia. Huku Nyanda za Juu tumekua na utani wa makabila, na sitaki mtu aniambie tuufute. Lakini utani una kanuni zake. Ni wa pande mbili: ananirushia, namrushia, na hakuna anayelala na kinyongo. Niambie, ungeweza kusimama darasani ukamtania yeye kabila lake na baba yake? Kama usingeweza bila kuogopa kosiweki, basi ule haukuwa utani. Alikuwa anamdhalilisha mtu kwa asili yake mbele ya watu, jambo ambalo Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13, inalikataza inapozungumzia ubaguzi kwa misingi ya kabila, pahala mtu alipotoka, dini, jinsia na mengineyo. Na habari ya ndagu si ya kuchezea. Kumwambia mtoto wa Mkinga kwamba mali ya kwao ni ya ndagu ni kumwambia jasho la mama yake shambani na la mjomba wake dukani Mwanjelwa halina maana.

Lakini kuna jambo la pili ndani yake, nalo ndilo nataka walimu na wanafunzi wote wanaonisoma walishike. Mtu wa namna hii anapima. Anarusha neno dogo la kudhalilisha, halafu anaangalia: nani amecheka, nani amenuna, nani ametetewa na jirani yake. Darasa likicheka lote, ameshajua kwamba hapa hakuna atakayeuliza. Kisha anachukua namba kwenye grupu. Kisha anaandika jambo la masomo, ila usiku. Kisha jambo lisilo la masomo. Kisha "usimwambie mtu, wenzako wana wivu". Kila hatua ni ndogo kiasi kwamba ukilalamikia hiyo peke yake utaonekana una makuu. Anayebaguliwa kwa kabila, kwa ulemavu, kwa hijabu, kwa kigugumizi au kwa ufukara wa kwao ndiye anayechaguliwa mara nyingi, kwa sababu tayari yuko peke yake. Hata wavulana huchaguliwa, na wao hunyamaza zaidi kwa kuogopa kuchekwa. Ndiyo maana chuo kinachosema "tunapambana na rushwa ya ngono" huku kikiacha walimu watanie wanafunzi makabila yao kinakata matawi na kumwagilia shina.

Nguvu ya huyu mkufunzi inasimama juu ya mambo mawili tu. Ni yeye peke yake anayesahihisha, na ni ninyi wawili tu mnaojua. Sasa upime ushauri wa marafiki zako kwa hayo mawili.

"Kubali mara moja yaishe." Ukikubali, bado ni yeye anayesahihisha, na sasa mna siri kubwa zaidi kuliko ya kwanza. Muhula ujao ana somo jingine. Mwaka ujao atakuwa msimamizi wa ripoti yako ya mafunzo kwa vitendo. Mwenye kudai bei akishalipwa anajua tu kwamba bei inalipika. Simhukumu rafiki yako, huenda anazungumza kutokana na yaliyomkuta mwenyewe, na kama ndivyo, mwambie naye hajachelewa kuzungumza na mtu. Hata binti aliyekubali kwa kutishwa bado ndiye aliyedhulumiwa.

"Nenda, mrekodi, rusha mitandaoni." Hili naliogopa kuliko yote. Utakuwa umejifungia chumbani na mtu ambaye tayari amekuonyesha anafunga milango, na simu yako inaweza kuwa ya kwanza kuchukuliwa. Ukifanikiwa ukairusha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kukugeuza wewe kuwa mtuhumiwa kwa picha hizo, na upelelezi unaharibika kwa sababu yeye ameshajua, ameshafuta, ameshaandaa maneno. Mitego ipo, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wanaitega, lakini inategwa na maofisa wenye mafunzo ambao wako nje ya mlango wakikusubiri. Usijitegee mwenyewe. Kama siku moja simu ilikuwa inarekodi sauti katika mazungumzo yenu ya kawaida, usikate, usitume kwa yeyote, peleka kama ilivyo.

Basi uanzie wapi? Kwenye simu yako, leo. Usifute kitu, hata meseji zako mwenyewe unazozionea aibu. WhatsApp inamruhusu mtu kufuta ujumbe aliotuma usionekane hata kwako, kwa hiyo piga skrinishoti zinazoonyesha namba yake, tarehe na saa, bila kukata pembe. Anzia meseji ya kwanza kabisa hadi ya mwisho, maana ukipeleka zile mbaya tu watakuuliza zilizobaki zilisemaje. Tuma nakala kwa mtu mmoja unayemwamini asiyesoma chuoni hapo. Simu yenyewe usiiuze, usibadilishane, wala usiipeleke kwa fundi akaisafishe.

Kisha chukua daftari uandike kila tukio kwa maneno yaliyosemwa, si kwa hisia zako juu yake. Badala ya "alinitongoza vibaya ofisini", andika hivi: "Jumanne, kama saa nane na nusu mchana, ofisini kwake. Mlango aliufunga yeye. Nilimwomba karatasi ya jaribio la pili. Alisema: 'Kosiweki yako iko mikononi mwangu, njoo tuyamalize kiutu uzima, ukikaza shingo utasapu.' Nilifungua mlango nikatoka. Kwenye ngazi nilimkuta mwenzangu wa chumbani, nikamweleza hapo hapo." Yule wa kwenye ngazi, kama yupo, ni shahidi. Hakuona tukio, lakini aliona ulivyotoka na akasikia ulichosema dakika ile ile. Muombe naye aandike anachokumbuka sasa, kabla hakijafifia.

Je, umwambie mkufunzi mwenyewe aache? Vitabu vingi vya ushauri vinasema ndiyo, na mimi nasema inategemea. Kwa mtu aliyevuka mpaka kwa ulimi tu, katazo la maandishi mara nyingi humrudisha nyuma, na humwondolea ile kauli ya "mbona hakuwahi kukataa". Kwa huyu aliyefikia kufunga mlango na kutaja bei, usiende kumwambia uso kwa uso. Ukiamua kuandika, iwe meseji moja tu, ya adabu, isiyo na tusi wala tishio: "Shikamoo mwalimu. Naomba mawasiliano yetu yawe ya masomo tu na yapitie grupu la darasa au ofisi ya idara. Sitaweza kuonana nje ya chuo. Naomba pia karatasi yangu ya jaribio la pili. Asante." Ubaya wake ni kwamba itamzindua. Kwa hiyo usiitume kabla hujasoma aya inayofuata.

Kwa shauri kama lako, ambapo kitu kimedaiwa kwa kushikilia maksi, ningeanzia TAKUKURU hata kama ni siku moja tu kabla ya kufika kwenye ofisi yoyote ya chuo. Wana ofisi za mkoa na za wilaya, na namba 113 hupigwa bure. Sababu yangu ni moja: ukianzia chuoni, kabla ya jioni atakuwa ameshajua, na meseji zilizoko upande wake zitakuwa zimeshafutwa. Ukianzia huko, wao watakushauri lini uandike barua za chuo na lini usubiri. Waeleze mapema siku ya mwisho ya rufaa ya matokeo chuoni kwenu, ili upelelezi wao usikupitishie muda. Nikuambie pia ukweli wa upande wa pili. Upelelezi huchukua muda mrefu, mashauri mengine hayafiki mahakamani, na kuna siku utajuta kuanza. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 ipo, lakini sheria haizuii mwalimu mwenzake kukununia koridoni. Ndiyo maana nataka maksi zako ziwe zimeshatoka mikononi mwake mapema, bila kusubiri hukumu ya mtu yeyote.

Hiyo ndiyo kazi ya barua ya kwanza ya chuo. Iandike kwa mkuu wa idara, nakala kwa ofisi ya mitihani, na isiguse kabisa habari ya Uyole wala ya mlango. Sema jaribio la kwanza ulipata 17, la pili limeandikwa 6, karatasi hujarudishiwa ilhali wenzako wamerudishiwa, unaomba karatasi ipatikane na isahihishwe na mkufunzi mwingine. Wengine wataona ninakufundisha kuficha. Sivyo. Ombi la maksi linaamuliwa kwa kanuni za mitihani, na kanuni hizo hazikutaki uthibitishe nia ya mtu. Karatasi ama ipo ama haipo. Kama ipo na majibu yako ni ya 15, utapewa 15. Kama haipo, anayetakiwa kujieleza si wewe. Ukichanganya mambo mawili kwenye barua moja, chuo kitasema suala zima lisubiri kamati ya nidhamu, na kamati ikikutana mtihani umeshapita.

Barua ya pili ndiyo ya mwenendo. Serikali imeelekeza vyuo vya elimu ya juu na vya kati viwe na madawati ya jinsia. Ulizia lenu, na kama lipo kwa jina tu, nenda kwa mshauri wa wanafunzi au kwa mkuu wa chuo moja kwa moja. Nenda na mtu, na ombi lako liwe mahususi: asikusahihishe wala kukusimamia, asikutafute, na ujibiwe kwa maandishi. Mambo mawili yatakuonyesha mapema kama ofisi hiyo inafaa. Wakikuambia "samehe, huyu ni mzazi wako hapa chuoni", au wakitaka kumwita mkae wote watatu mpatanishwe, kataa kwa upole. Upatanishi ni wa watu wawili waliogombana. Ninyi hamkugombana. Chuo kikikaa kimya kabisa, bado una NACTVET kama msimamizi wa vyuo vya kati, au TCU kwa wanaosoma vyuo vikuu, na una Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Watoa msaada wa kisheria bila malipo nao wanatambuliwa na sheria tangu 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza walipo.

Wapo wanaoamua kunyamaza mpaka wahitimu. Siwezi kukwambia hilo ni kosa, kwa sababu mimi si ninayekaa darasani kwake. Ila hata ukichagua hivyo, daftari liandike na skrinishoti zitunze. Mara nyingi anajitokeza mwingine miezi sita baadaye, na maelezo mawili ya watu wasiojuana yanayofanana ni uzito mkubwa.

Kuhusu baba. Mwanangu, usimngoje asikie kwa watu. Hofu yako naielewa, wazazi wengi wa vijijini wakisikia chuo kina hatari wanaona dawa ni kumwondoa binti, si kumwondoa mwenye hatari. Anza na mama, au shangazi ambaye baba humsikiliza, na uanze na hatua ulizokwisha kuchukua: nimekataa, nimeandika barua, nimefika ofisi fulani, ninachohitaji ni ninyi kunisimamia nimalize masomo. Mzazi anayepewa kazi ya kufanya huwa hapati nafasi ya kukasirika ovyo. Akitaka kupanda gari aje amtafute huyo mkufunzi, mama amzuie. Ngumi moja ya baba itakuharibia shauri lote.

Sasa kuna hali ambazo usisome tena ushauri wa mtu, uondoke hapo ulipo uende. Akikushika, akikulazimisha, akikufuata geto, au akitishia kusambaza picha zako, nenda kituo cha polisi uulize Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa dharura piga 112. Kama umelazimishwa kufanya ngono, hospitali ni ya kwanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72 na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri, na dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina mwisho wa siku 5. Usioge ukiweza kuvumilia, nguo zifunge kwenye khanga au karatasi, si mfuko wa plastiki, na mwombe daktari aandike kila alichokiona. Baadhi ya hospitali kubwa zina vituo vya mkono kwa mkono ambako daktari, polisi na mtu wa ustawi wa jamii unawapata mahali pamoja. Na kama usingizi umekutoka wiki sasa, chakula hakipiti, au umeanza kuwaza kwamba ni heri usiwepo, mwambie mtu usiku huu huu asikuache peke yako, na kesho muende idara ya afya ya akili. Kuna mabinti wengi hodari ambao simulizi kama hii iliwalemea kabla ya mtu kuwauliza wanalala saa ngapi.

Kwa wakuu wa vyuo vya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe wanaosoma hapa, nina maneno machache. Semina ya nusu siku na bango ukutani haziwezi kuvunja nguvu niliyoieleza juu. Utaratibu unaweza. Karatasi zisahihishwe kwa namba za mtihani badala ya majina. Mwalimu wa pili apitie sampuli. Kosiweki ibandikwe na karatasi zirudishwe kabla mitihani haijaanza, ili mwenye malalamiko ayatoe mapema. Mawasiliano ya somo yapite kwenye grupu lenye CR na mtu wa idara. Milango ya ofisi iwe na kioo. Dawati la jinsia lisiongozwe na mtu ambaye bosi wake ndiye anayelalamikiwa. Na yule mwalimu anayetania makabila darasani aitwe leo, angali kwenye utani.

Nirudi kwako. Mpaka mambo haya yashike, usiende ofisini kwake peke yako. Ukiitwa, nenda na mwenzako, na mlango ukifungwa useme "naomba ubaki wazi mwalimu" huku umeshausogelea. Ukifika TAKUKURU, beba simu yenyewe ikiwa na chaji, daftari, karatasi ya jaribio la kwanza na kitambulisho cha chuo. Soma maelezo yako yote kabla ya kusaini. Kama ofisa ameandika neno ambalo hukulisema, mwambie alirekebishe, ni haki yako na hatakasirika. Omba jina lake na namba ya jalada. Barua za chuo zipeleke mwenyewe, kila moja na nakala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe hapo hapo masijala. Na vipindi vyake uingie vyote, usaini mahudhurio kila mara. Ukianza kukwepa darasa lake utampa sababu halali ya kukusapisha, na sasa hivi hana hata moja.